Kwa Nini Kwetu Noeli Inaliwa Usiku

Noeli iliyopita, jirani yangu, mama mmoja Mrundi, alipita mlangoni kwangu saa saba mchana akanikuta nachambua majani ya sombe. Akashangaa. Kwake walikuwa wameshakula, watoto wanazunguka na nguo zao mpya. Akaniuliza, "Dada, kwani ninyi hamsherehekei? Leo si Noeli?" Nikamwambia tunasherehekea, na asubuhi nilikuwa kanisani kama yeye, ila kwetu chakula cha Noeli ni cha usiku. Akauliza kwa nini. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu sombe ilikuwa bado kutwangwa, lakini swali lake lilibaki kwangu. Watoto wangu wote wamezaliwa hapa Nyarugusu na hawajawahi kuniuliza hivyo. Nadhani wanaona mama yao ni mchelewaji tu. Basi naandika, wasome wao, na ninyi wengine msome.

Kwetu ni pembeni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, karibu na Baraka, katika Fizi, Kivu ya Kusini. Nilizaliwa 1983. Babu yangu alikuwa mvuvi wa ndagala, hawa ambao hapa mnawaita dagaa wa Kigoma. Ni ziwa moja.

Wiki moja kabla ya Noeli watu walianza kuingia. Shangazi na mume wake walifika kwa boti kutoka Uvira; mume wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Kiliba, katika bonde la Ruzizi, na hakuja hata siku moja bila mfuko wa sukari. Baba mdogo alitoka Kalemie. Wajomba walishuka kwa miguu kutoka milimani, mbuzi mbele, wao nyuma. Baba mkubwa, mwalimu, yeye alikaa karibu, lakini juma lile hata yeye alihamia kwa bibi na mke na watoto. Sisi watoto tulilazwa kwenye mikeka chumba kimoja, tumepangwa kama ndagala wanaoanikwa mchangani. Ukigeuka wewe, wote wanageuka.

Mchana wa Noeli ulikuwa wa kazi. Wanaume walichinja, mama zetu walitwanga sombe na kuipika na mawese, kuku walitoa harufu mpaka tukaumwa tumbo kwa hamu. Wali tuliupata siku chache sana kwa mwaka, na hii ilikuwa moja, kwa hiyo vita vyetu vilikuwa juu ya ukoko. Tulivaa kitenge cha namna moja, wasichana gauni na wavulana shati, na kamambili mpya miguuni. Saa saba watoto wa majirani walikuwa wameshiba, wanatucheka. Sisi tulipewa muhogo wa kuchoma, tukaambiwa tungoje.

Giza likiingia, babu aliwasha karabai yake, ile ile ya kuvulia, akaitundika kwenye mwembe. Bibi alisimama chini ya taa na kutuhesabu. Hakuhesabu moja, mbili, tatu. Aliita majina, kuanzia mkubwa hadi mtoto wa mgongoni, na kila mmoja aliitika. Ambaye hakuja, bibi alisema yuko wapi: "Huyu iko Kalemie, mtoto anaumwa. Huyu iko Bujumbura." Akimaliza, ndipo chakula kilipakuliwa.

Mwaka 1992, nikiwa na miaka 9, nilichoka na njaa nikamuuliza: "Bibi, kwa nini sisi hatukule muchana kama batu bengine?" Akanivuta karibu na mafiga akanieleza. Baadaye baba yangu alinipa tarehe zake.

Mwaka 1971 Rais Mobutu aliibadilisha nchi jina, Kongo ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 ikawa zamu ya watu: majina ya Kizungu ya ubatizo yalikatazwa, kila mtu achukue jina la asili. Siasa hiyo iliitwa otantisite. Baba yangu, aliyebatizwa kwa jina la mtakatifu, shuleni akaanza kuitwa kwa jina la babu yake. Nyumbani bibi aliendelea kumwita majina yote mawili, moja akiwa na furaha, lingine akiwa na hasira. Serikali na Kanisa Katoliki walikuwa wanavutana, na mwaka 1974 tarehe 25 Desemba ikafutwa kwenye sikukuu za serikali. Kusali hakukukatazwa. Kilichoondolewa ni mapumziko: ofisi ziwe wazi, watoto waende shule.

Mwaka ule Noeli iliangukia Jumatano. Baba mkubwa alikuwa mwalimu kijana, ilibidi asimame darasani. Baba yangu, miaka 16, alikuwa mwanafunzi. Babu alisema hawezi kula nyama ya Noeli na watoto wake hawapo. Wazee wengine walitaka iahirishwe mpaka Jumapili. Bibi akakataa. Neno lake kwenye ukoo tunalijua wote: "Muchana iko ya serikali. Usiku iko yetu."

Wavuvi wa ndagala wanajua kwamba mwezi ukiwaka hakuna kazi ziwani, kwa sababu samaki hawaifuati taa. Usiku ule mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, hivyo karabai ilikuwa haina kazi. Babu akaitundika kwenye mwembe. Watu walifika mmoja mmoja wakitoka kazini na shuleni, wengine kutoka vijiji vya mbali, na kwa sababu walikuja gizani bibi aliita majina ajue kama wote wamefika kabla hajapakua. Ndivyo mambo yote mawili yalivyoanza, kula usiku na kuitwa majina. Nilipokuwa mtoto hakuna aliyetuzuia tena kula mchana, ila bibi alikuwa ameshapenda usiku wake.

Mwaka huo wa 1992 nilipouliza, tuliitwa 31. Ulikuwa mwaka mgumu. Pesa ilikuwa inaanguka mpaka Desemba ile serikali ikatoa noti ya zaire milioni 5. Mwaka uliofuata ilikuja pesa mpya, na zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire 1 mpya. Mume wa shangazi alienda kununua mbuzi na bunda la noti, mwenye mbuzi akacheka. Akataka sukari. Mbuzi wa Noeli ile tulimla kwa sukari ya Kiliba, na chai ya asubuhi tukainywa chungu. Hakuna aliyelalamika.

Oktoba 1996 vita vilifika Uvira, kisha vikatufikia sisi. Tulivuka ziwa usiku hadi Kigoma, tukaletwa hapa kambi ikiwa mpya kabisa. Tarehe 25 Desemba mwaka huo tulikuwa chini ya shitingi, mvua inanyesha, na chakula kilikuwa ugali na maharage. Tungeweza kula mchana, kwa kuwa tulikuwa na njaa. Tulingoja. Karabai ilibaki ng'ambo, babu pia alibaki, alikataa kuliacha ziwa. Bibi aliita majina yote 31 palepale gizani. Tuliitika 12. Kwa wengine alinyamaza kidogo, halafu akaenda kwa jina linalofuata. Nilikuwa na miaka 13, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia bibi akitaja mtu bila kusema yuko wapi. Baba mkubwa, mwalimu, mpaka leo hatujui aliko. Jina lake bado tunaliita.

Bibi amezikwa hapa Nyarugusu. Sasa naita mimi.

Wafanyakazi wa mashirika, mnapotuuliza, "Familia yenu ni watu wangapi?" mimi najibu sita, maana kadi yangu ya posho inasema sita, na jibu hilo ni sahihi kwa kazi yenu. Lakini kuna hesabu nyingine, na inafanyika mara moja kwa mwaka. Noeli iliyopita niliita majina 44. Wengine wako Fizi, walirudi. Mdogo wangu na watoto wake wako Marekani, walipelekwa huko kuanza maisha mapya. Huwa tunawapigia simu wakati wa kuita majina. Kwetu ni saa mbili usiku, kwao ni mchana kweupe, na watoto wake wanaitika kwa Kiswahili chenye Kiingereza ndani. Shangazi zao wanacheka mpaka machozi.

Siku ile, kabla jirani yangu hajaondoka mlangoni, nilimwambia arudi usiku. Alikuja na watoto wake wawili na soda. Taa ya sola ilikuwa imetundikwa, sombe ilikuwa tayari, na alitaka kukaa pembeni kama mgeni. Nikaita majina ya kwetu mpaka mwisho, halafu nikaita la kwake. Hakutegemea. Mwanangu akamgusa mkono: "Mama, itika, tuna njaa."

Akaitika. Nikapakua.