Safari ya uzamifu katika uchumi

Shahada ya uzamifu katika uchumi husomwa kwa awamu, na iliyo ngumu zaidi si ile inayoogopwa na wengi. Katika mpango wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2002 na Muungano wa Utafiti wa Kiuchumi Afrika (AERC), wenye makao Nairobi, mwanafunzi huanza na masomo ya lazima: uchumi wa mtu binafsi na kampuni, uchumi wa taifa zima, na mbinu za takwimu. Hufuata mitihani ya kina, kisha masomo ya nyanja aliyochagua, ambayo wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukutanishwa Nairobi kuyasoma.

Hapo ratiba hukoma. Hakuna tena mhadhara wala mtihani. Mwanafunzi hana budi kubuni swali lisilojibiwa na kusaka takwimu za kulijibu, nazo, hasa za wakulima wadogo na jua kali, ni haba. Wengi ni wahadhiri. Wakirejea kazini hulakiwa na marundo ya karatasi za kusahihisha, tasnifu ikabaki kabatini.

Mnamo 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliwapa wahadhiri wa Kenya miaka mitano kupata uzamifu. Makataa hayo yalipita 2019, wengi wangali hawajaupata.