Kalipa, Kericho na Mtu wa Volvo Kuukuu

Watu husema breki si kazi ya kufanyia nyumbani, mpeleke fundi tu. Wasee, mimi naona historia inasema kitu kingine, na sehemu yake tamu inaanzia hapa hapa Kericho.

Breki ya diski ilisajiliwa na Frederick Lanchester, Mwingereza wa Birmingham, mwaka wa 1902. Shida ni kwamba pedi zake zilikuwa za shaba, na shaba ikisugua chuma ni kelele tupu. Barabara zenyewe zilikuwa vumbi (mtu wa Roret anaelewa). Wazo likakaa pembeni miaka mingi. Kisha 1953 Jaguar C-Type ikashinda saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na breki za diski za Dunlop. Miaka miwili baadaye Citroën DS ikazileta kwa madereva wa kawaida, wale wenye doh angalau.

Mwaka huo huo wa 1953 ndio Safari Rally ilianza, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Hapo ndipo anaingia Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, 1932. Kabla ya kuitwa Flying Sikh alikuwa kijana wa spana. Mwaka wa 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544, gari ambalo wengine walikuwa wameshalichapa kwenye mashindano. Na lilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne! Akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Nikiulizwa, sanamu yake ingesimama Kericho mjini kabla ya ya mwanasiasa yeyote. Siamini alishinda kwa mguu mzito tu. Anayejua gari kwa mikono anajua pia ni lini litakataa.

Huku milimani kujua hivyo ni uhai. Londiani Junction, 30 Juni 2023, lori moja liliua zaidi ya watu 50. Sisi wa Kericho hatujasahau.

Sasa, Probox ya mjomba. Kalipa kazi yake ni rahisi: mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inabana pedi kwenye diski. Raba ya pistoni ikipasuka, tope la barabara za majani chai linaingia, kutu inafuata, pistoni inashika. Gari linavuta upande mmoja na rimu moja inakuwa moto kuliko mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa yetu.

Jeki ni ya kuinua tu, gari likae juu ya stendi. Boliti mbili, paipu ya mafuta, washa mpya za shaba (Lanchester angefurahi). Ila usichanganye kalipa ya kushoto na ya kulia. Skrubu ya kutolea hewa lazima iwe juu, kwa sababu hewa hupanda. Ikiangalia chini, utapampu mpaka jioni na pedali itabaki laini kama mandazi.

Binamu alikanyaga, mimi nikafungua na kufunga, mpaka mapovu yakaisha na pedali ikawa ngumu. Tukaijaribu polepole mahali tambarare, mara kumi hivi, kabla ya kugusa mteremko wowote. Mjomba mwenyewe alikataa kupanda hadi siku ya tatu.