Nani Alipiga Deki River Road?

Kosa langu bado liko pale, kati ya orofa ya pili na ya tatu, kwenye jengo moja la zamani River Road. Ni doa la ukubwa wa sinia. Ukipanda ngazi mchana, mwanga wa dirisha unateleza juu ya terazo, nyeusi, nyeupe, kahawia kidogo, halafu ukifika hapo unazimika. Watu wanalikanyaga kila siku wakienda kwa fundi wa simu au kwa yule mama anayeshona yunifomu. Hakuna anayeliona. Mimi naliona hata nikiwa nyumbani Kangemi.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kukataa kabisa, na binamu yangu akanivuta kwa biashara yake ya usafi wa majengo. Biashara ni neno kubwa. Tulikuwa watu wawili, ndoo tatu na simu yake. Mwenye jengo alitaka ngazi zirudi kama mpya kwa sababu kuna mpangaji mzito alikuwa anakuja kuangalia nafasi. Binamu akaenda hadiwea akarudi na chupa ya asidi, ile mafundi hutumia kutoa simiti iliyogandia vigae vipya. Nikamwaga. Ikachemka, ikatoa povu, mvuke ukanikaba koo. Nikafurahi sana. Nilidhani lile povu ni uchafu unatoka. Kumbe ni jiwe lenyewe lilikuwa linatoka.

Na nilikuwa najua, hiyo ndiyo inaniuma. Asidi ikikutana na kaboneti unapata chumvi, maji na kaboni dayoksaidi. Kila mtu aliyepitia sekondari Kenya amekariri hiyo. Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Terazo ni vipande vya marumaru vilivyoshikwa na simiti, na simiti nayo asidi inaila vilevile. KCSE nilipata B ya kemia. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kaboneti ya ubaoni ndiyo hii ninayokanyaga nikienda kununua chaja.

Wiki iliyofuata mwenye jengo alimleta mzee mmoja aangalie hasara. Alikuja na mfuko wa gunia, akachuchumaa kwa shida, akapitisha mgongo wa kidole juu ya doa, halafu juu ya sehemu nzima, halafu tena juu ya doa.

"Hii umeichoma."

"Pole mzee."

"Usiniambie mimi pole. Mimi si sakafu."

Alikuwa ameanza kazi akiwa saidia fundi miaka ya sabini, chini ya kontrakta Mhindi, kubeba maji na kushika mashine. Kwa siku mbili nilizofanya naye kazi (bila malipo, ndiyo iliyokuwa adhabu yangu) nilijifunza kuhusu mji huu mambo ambayo sikuwa nimeyasikia kwa mhadhiri yeyote.

Terazo inaanza ikiwa sura mbaya. Unamwaga simiti ya chini, unaigawa miraba kwa vipande vyembamba vya shaba, alumini au plastiki ili isipasuke ovyo, halafu unamwaga juu mchanganyiko wa simiti na kokoto za marumaru. Mzee alisema nyingi alizowahi kumwaga zilitoka Kajiado, ambako marumaru inachimbwa hadi leo. Ikikauka unaona tu zege ya kawaida. Urembo uko ndani, na njia ya kuufikia ni kusaga. Jiwe la kusagia namba 60 kwanza, na maji mengi, hadi uso wa kokoto ufunguke. Hapo vitundu vidogo vinajitokeza kila mahali, kwa hivyo unapaka uji wa simiti kuviziba, unangoja siku kadhaa, unasaga tena kwa jiwe laini zaidi, 120, kisha 220, kisha 400. Ule uji ndio wazee waliuita grauti. Sisi wa siku hizi tukisikia grauti tunafikiria ile mistari kati ya vigae, ile inayogeuka nyeusi bafuni.

Mwisho kabisa unasugua kwa unga wa asidi ya oksaliki. Ndiyo, asidi tena. Nilimtolea mzee macho. Lakini hii ni dhaifu, inatumiwa kidogo kwa maji na kitambaa, na badala ya kula jiwe likaisha inaacha juu ya kokoto utando mgumu unaong'aa. Baada ya hapo, nta. Kwa hivyo aliyeniambia baadaye kwamba asidi ni mbaya kwa mawe hakuwa amekosea, ila alikuwa amefupisha mno.

Nikiwa nimepiga magoti hapo, jiwe la 120 mkononi, ndipo nilianza kujiuliza swali ambalo limenifanya niandike hii kitu. Juu ya majengo mengi ya River Road na mitaa yake ya pembeni kuna jina na mwaka, vimechongwa kwa plasta: jina la familia, la mke, la kijiji cha Gujarati, halafu 1930-na-kitu au 1950-na-kitu. Mwenye jengo tunamjua. Na hii sakafu je? Iling'arishwa asubuhi ngapi, na nani?

Nairobi ilianza bila sakafu ya maana. Reli ilifika 1899, na bazaa ya Wahindi iliyoota kando yake ilikuwa mabati, mbao na matope. Tauni ilipoingia mwaka 1902, serikali iliichoma moto. Jiwe likapata heshima mpya, kwa sababu jiwe haliungui na, wakubwa walivyoamini, panya hapati pa kujificha. Mawe yalikuwepo. Nairobi imekalia miamba ya volkano, na jina la Quarry Road kule Gikomba linajieleza. Wachongaji walitoka Kutch, Gujarati na Punjabi. Ukitaka kuona mikono yao nenda upande wa juu wa River Road, Msikiti wa Khoja, uliokamilika 1922. Watu wengi wanaujua kama stegi tu. Siku moja usipande matatu, inua macho.

River Road yenyewe ilikuwa ukingo. Magharibi, kuelekea mlimani, ofisi na nyumba za Wazungu. Mashariki, kushuka mtoni, Wahindi wenye maduka na Waafrika waliohitajika mchana na kufukuzwa usiku. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza: mwanamume Mwafrika alipaswa kubeba cheti chenye rekodi ya mwajiri na kazi yake, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Bila mwajiri, mjini huna lako. Na kati ya kazi zilizompa mtu haki ya kulala Nairobi, kusafisha nyumba za wengine ilikuwa mojawapo ya kubwa.

Kiswahili chetu cha bara kina alama za hiyo kazi. Kuna kitabu cha mapishi na mambo ya nyumbani kilichotolewa Nairobi mwaka 1928 na akina mama wa Kanisa la St Andrew's kwa ajili ya walowezi. Ndani yake, pamoja na keki na pudini, kuna amri za kumpa mtumishi kwa Kiswahili. Fikiria lugha ya mashairi ya Lamu inafika Muthaiga ikiwa imebaki fanya, lete, osha, maliza. Watu waliiita Kisetla. Bibi yangu, aliyefanya kazi Lavington kabla mama hajazaliwa, aliielewa Kisetla kuliko Kiswahili cha redio.

Hata hilo neno tunalotumia, kupiga deki, si la nyumbani. Deki ni sakafu ya meli. Mabaharia ndio walioipiga kwa maji na brashi, neno likashuka bandarini na kupanda hadi huku, mahali pasipo na hata dau.

Lakini sakafu ni neno la kwetu zaidi, na lina hadithi tamu. Kwa Kiarabu mzizi wake ni dari, paa. Pwani likageuka likawa chini, na ukiangalia nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja unaona kwa nini: paa la chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu. Unapanga boriti za mikoko, juu yake vipande vya mawe ya matumbawe, juu yake chokaa, halafu unapiga. Kundi zima la watu na vigongo, siku baada ya siku, kwa nyimbo ili mikono iende pamoja, hadi chokaa ishikane na maji yasipite. Na kule Venisi, ambako terazo inatoka, sakafu za aina hiyo waliziita kwa neno linalomaanisha iliyopigwa, kisha wakazinywesha mafuta ya kitani zing'ae. Pande mbili za bahari, chokaa ileile, kupiga kulekule. Pwani wengi wa wapigaji hao walikuwa watumwa. Jina la mwenye nyumba mara nyingine limechongwa mlangoni.

Kuhusu kunywesha, mzee alinifundisha kipimo ambacho sasa nakifanya kila mahali hadi watu wananishangaa. Weka tone la maji juu ya jiwe, ngoja dakika chache. Likikaa kama ushanga, jiwe limefungwa. Jiwe likigeuka rangi, linakunywa, na litakunywa chai, mafuta ya chapati na damu ya mbuzi vilevile. Ndiyo kazi ya sila, ile dawa ya kuziba: inaingia kwenye vinyweleo vya jiwe na vya grauti na kukaa humo. Inayobaki juu lazima uifute kabla haijakauka, la sivyo inakuachia utando wa kunata unaokusanya vumbi lote la Nairobi. Nimekutana na huo utando Lavington, kwenye baraza za mawe ya Galana na Mazeras, mawe ya mchanga yaliyosafirishwa kutoka Pwani kwa pesa nyingi na kupakwa vanishi kama meza. Mwenye nyumba analalamika jiwe ni bovu. Mama anayelala SQ, ambaye ndiye anasugua, anajua shida si jiwe, lakini nani amuulize?

Yeye pia ndiye anavuta hewa ya hizo dawa. Kama unasafisha nyumba, tafadhali, usichanganye Jik na asidi ya choo, hata kidogo. Inatoa gesi ya klorini. Grauti chafu inataka brashi ngumu, sabuni isiyo na asidi, maji ya moto na mgongo. Haina haraka.

Wanaume walisugua Nairobi kabla ya wanawake. Mji wa kikoloni haukutaka familia za Waafrika, kwa hivyo boi alikuwa mwanamume, hata kama ana wajukuu. Wanawake walichukua kazi hiyo baadaye. Meja Mwangi alipotoa *Going Down River Road* mwaka 1976, aliwaandika wanaume wa mjengo, wanaopandisha ghorofa ndefu mchana na kuzamisha mshahara huku chini jioni. Naipenda sana hiyo riwaya. Lakini jengo likiisha hadithi inahama, na anayekuja kesho yake na ndoo bado hana riwaya yake. Labda kwa sababu kazi yake haiishi. Ukijenga, unaacha kitu. Ukipiga deki vizuri, dalili ni kwamba hakuna kitu.

Isipokuwa sakafu yenyewe. Mzee alinionyesha. Katikati ya kila ngazi kuna bonde dogo la nyayo, hilo kila mtu analijua. Lakini kwenye pembe, karibu na ukuta, mahali mguu haufiki, kuna mng'aro tofauti, wa duara, laini kuliko wa mashine. Hapo ni mkono na kitambaa, miaka na miaka. Alisema anaweza kujua kama msafishaji alitumia mkono wa kulia au wa kushoto. Sijui kama alikuwa ananichezea. Niliangalia, na kwenye ngazi za orofa ya pili duara zote zililalia upande mmoja.

Tuliokoa ngazi tisa. Doa kubwa la kati lilibaki, maana asidi ilikuwa imelala hapo muda mrefu. Kulitoa kungehitaji kusaga sehemu yote ya kupumzikia hadi chini ya shimo, na mwenye jengo hakutaka kulipia mashine. Namwelewa kiasi. Tangu kiwanda kikubwa cha vigae kianze kazi Kajiado miaka ya 2010, kigae kimekuwa rahisi, na fundi wa kukibandika yuko kila kona. Wa kusaga terazo unamtafuta kwa kuulizia wazee. Kajiado ileile iliyotoa kokoto sasa inatoa kifuniko chake.

Alhamisi nilipita. Fundi wa vigae ameshamaliza orofa ya chini na ya kwanza. Kabla ya kubandika anagongagonga terazo kwa patasi ili gundi ishike, na vumbi lake ni jeupe, linaingia hadi kwenye chai ya yule mama wa yunifomu. Nilimuuliza kama anaweza kuniachia kipande kimoja cha pembe, cha ngazi ya orofa ya pili. Akanitazama, akauliza nakitaka cha nini, halafu akasema nije Jumatatu na mia mbili.

Amebakisha ngazi kumi na nane afike kwenye doa langu.