Mfalme aliyechoka kuishi: Bweranyange na riwaya za Kichina

Jioni moja nilikuwa Bweranyange kwa dada yangu. Tumeshakula ndizi, tumekaa barazani tunatafuna kahawa, na mpwa wangu wa kidato cha nne hajainua uso kwenye simu tangu jua lizame. Nikadhani ni mambo ya mpira. Kumbe anasoma. Tena anasoma riwaya ya Kichina iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, amefika sura ya mia tisa na kitu, na anasema bado hajafika hata nusu.

"Inahusu nini?" nikamuuliza.

"Ni kijana wa kijijini, mjomba. Maskini, hana kipaji chochote. Anajifunza kuvuta nguvu za mbingu na ardhi mpaka afike mahali asife tena."

Halafu akauliza swali lililonifanya niandike makala hii. "Hivi sisi huku hatukuwahi kuwa na hadithi za watu wasiokufa?"

Nilicheka, maana tulikuwa tumekaa karibu kabisa na palipokuwa ikulu ya wafalme wa Karagwe. Lakini baadaye usiku sikucheka tena. Mtoto aliyezaliwa hapa anajua majina ya milima ya China isiyokuwepo, na kilima cha kwao hakijui.

Tuanze na hao Wachina, kwa faida ya msomaji ambaye hajazigusa riwaya hizo. Aina ni mbili, na ni ndugu. Ya kwanza inaitwa wushia: hadithi za mashujaa wa upanga wanaozurura nje ya mkono wa serikali, wanaolipa visasi na kutetea wanyonge. Mizizi yake ni ya kale. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeishi zaidi ya miaka 2000 iliyopita, alishawatengea wababe wa namna hiyo sura yao katika historia yake. Ila sura yake ya leo wengi wanaijua kupitia Jin Yong, mwandishi wa Hong Kong aliyeanza kuchapisha riwaya yake ya kwanza gazetini mwaka 1955, akafariki 2018. Ulimwengu wa mashujaa hawa Wachina huuita jianghu, maana yake "mito na maziwa". Mtu wa Kagera akisikia hivyo atadhani anasemwa yeye.

Aina ya pili ni shianshia. Hapa shujaa haridhiki na upanga, anataka awe shian, yaani mtu asiyekufa. Mwaka 1932 mwandishi aliyejiita Huanzhu Louzhu alianza kutoa hadithi yake ndefu mno ya wapiga upanga wa milima ya Shu, na wengi wanamhesabu kuwa mmoja wa waasisi wa aina hii. Tovuti ya Qidian ilipoanzishwa mwaka 2002, riwaya hizi zikapata uwanja usio na mwisho: mwandishi anatoa sura kila siku, msomaji analipa kidogokidogo. Mwaka 2014 ikaja tovuti ya Wuxiaworld na tafsiri za Kiingereza, na baada ya hapo ilikuwa ni suala la bando tu kufika Karagwe.

Dhana zake ukizijua chache umezijua karibu zote. Kuna chi, pumzi au nguvu iliyomo ndani ya kila kitu. Kuna kujinoa, yaani kuikusanya chi mwilini kwa kutafakari, kwa mazoezi na kwa vidonge vilivyopikwa kwa siri. Kuna ngazi: unaanza kwa kukusanya chi, unajenga msingi, unapata kiini cha dhahabu tumboni, kiini kinazaa mtoto wa roho, na kuendelea. Kila ngazi inakuongezea miaka. Na ukikaribia ngazi za juu, mbingu zenyewe zinakasirika na kukushushia radi. Ukipona unapaa, usipopona unabaki majivu.

Mambo haya hayakutoka hewani. Yametoka kwenye dini ya Kidao na utafutaji wa kweli wa dawa ya uzima. Mfalme Qin Shi Huang, aliyekufa mwaka 210 kabla ya Kristo, alituma watu baharini wakamtafutie dawa hiyo. Karne ya 4 Ge Hong aliandika kitabu chenye maelekezo ya kuzipika. Wafalme kadhaa wa nasaba ya Tang wanaaminika kufa kwa sumu ya dawa zilizotakiwa kuwapa uzima wa milele. Nyuma ya mchezo huu wote, basi, yupo mtu mwenye madaraka anayeogopa kufa.

Sasa turudi nyumbani. Novemba 1861 walifika Karagwe Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mfalme alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara, na ikulu yake ilikuwa huku Bweranyange, juu ya ziwa dogo ambalo wageni hao walilibatiza Little Windermere. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke anaandika kwamba mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Naomba ulishike hilo, tutalirudia.

Speke alikaa hapo wiki kadhaa, na jambo moja alilofanya ni kusikiliza hadithi. Aliambiwa kwamba Ndagara alipofariki, wana watatu waligombea kiti: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo. Kwa kawaida ni nyepesi kama unyoya, lakini ikishatiwa dawa inakuwa nzito isiyonyanyulika, isipokuwa kwa yule ambaye mizimu imemkubali. Ndugu wawili wakahangaika nayo bure. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo.

Haikuishia hapo. Mteule alitakiwa akae juu ya kipande fulani cha ardhi, na ardhi hiyo ikapanda naye juu, juu, mpaka mbinguni. Mizimu ikimkubali, inamshusha polepole. Ikimkataa, kilima kinaporomoka ghafla naye anasagika. Rumanyika mwenyewe alikiri kuwa alipanda.

Mpwa wangu nilipomsimulia hapo akaweka simu chini. "Mjomba, hiyo ni adhabu ya mbingu! Ni ileile!" Ndiyo, ni ileile kwa umbo: mtu anapanda, mbingu zinamjaribu, anapona au anasambaratika. Tofauti ni kwamba wa kwetu alishuka. Mteule wa Karagwe hapandi ili akae huko, anapanda ili arudi awatawale watu.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Speke akamuuliza mfalme kama huko juu kulikuwa na baridi. Mfalme akacheka swali lenyewe, akasema ndiyo. Speke naye akacheka, akamtania kwamba basi amejifunza jambo kuhusu ulimwengu ulivyoumbwa. Waliokuwepo wakaona pana kitu hakijakaa sawa, wakajadiliana, wakabadili jibu: hapana, lazima kulikuwa na joto, maana ukipanda unalikaribia jua. Speke aliandika kisa hiki kama kichekesho. Mimi nakisoma tofauti. Hao walikuwa wanafanya kile wanachofanya wasomaji wa shianshia kila usiku, kubishana kuhusu kanuni za ulimwengu wa hadithi. Je, kama mtu anaweza kupanda vile, hali ya hewa huko ikoje? Hawakuwa wajinga, walikuwa wasomaji wazuri.

Mwisho Speke akapewa hadithi kubwa kuliko zote. Babake Ndagara, anayemwita Ruhinda wa Sita, aliishi miaka mingi hata watu wakaamini hatakufa kamwe. Mfalme wa Kichina angefanya sherehe. Ruhinda akaanza kuhangaika: mwanangu Ndagara atatawala lini? Akachukua dawa, akajiondolea uhai mwenyewe. Mwili wake ukapelekwa kwenye kilima ambacho Speke anakiandika Moga-Namirinzi, na kutoka moyoni mwake akatoka mwanasimba aliyekilinda kilima hicho. Simba wengine wakazaliwa kwa huyo, wakawa wanamtii Ndagara, na maadui wa kaskazini walipokuja, Ndagara hakukusanya watu, alikusanya simba.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mpwa wangu. Tulikuwa nao watu wasiokufa. Ila huku kutokufa kulikuwa tatizo la kutatuliwa, si tuzo ya kutafutwa. Katika riwaya za Kichina yupo mzee wa ukoo anayejifungia pangoni miaka elfu, amekalia hazina yote, na vijana wanasubiri. Ruhinda anatumia dawa ileile ya siri, lakini kwa lengo lililo kinyume: si kuongeza miaka, ni kuipunguza, ili zamu ifike kwa mwingine. Nguvu yake haipotei, inageuka simba wa kumlinda mwanawe.

Na si kisa cha peke yake. Masimulizi ya Wahaya yanasema Wamara, mfalme wa mwisho wa Wachwezi, alikwenda kwa Kintu akapewa mali, akasahau kushukuru. Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, amfuate. Wamara na wenzake wakatoweka ardhini, na tangu hapo wanaheshimiwa kama mizimu: Mugasha wa maji, Irungu wa pori, na wengine. Hawafi, ni kweli, lakini hawatawali tena. Na huko Katuruka, upande wa ziwa Victoria, inasimuliwa kuwa mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ukaanguka. Mwaka 1970 Peter Schmidt alichimba hapo kwa kufuata maneno ya wazee, na akakuta kweli mabaki ya ufuaji chuma wa kale sana. Hadithi ya mnara ilikuwa imehifadhi kumbukumbu ya matanuri.

Chuma kilikuwa kiini cha ufalme wa Karagwe pia. Ndagara anakumbukwa kama mfalme mhunzi. Stanley alipopita mwaka 1876 alioneshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika, akakuta humo bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na mikuki. Katika shianshia vifaa vya namna hii vinaitwa hazina za kiroho, na shujaa hawezi kwenda popote bila navyo.

Lakini nisije nikapamba. Speke anaeleza pia kwamba Ndagara alipozikwa kilimani, waliingizwa ndani ya kibanda chake wasichana watano na ng'ombe hamsini, mlango ukazibwa, wakafa kwa njaa. Mfalme anaondoka kwa heshima, na wasichana ambao hakuna aliyeandika majina yao wanaondoka naye. Nayo ile ngoma haikumaliza ugomvi. Rogero aliasi, na Rumanyika alishinda kwa msaada wa bunduki za wafanyabiashara wa pwani. Hadithi ya kidole kidogo ilisimuliwa na upande ulioshinda. Hata wushia na shianshia ziko hivyo ukizisoma vizuri: maneno matamu ya haki juu, na chini yake mwenye nguvu anamla asiye nazo. Tukizirudisha hadithi zetu tuzirudishe na wasichana watano pia.

Na tunazirudishaje? Hapo ndipo naomba turudi kwenye kile Kiswahili kizuri cha Rumanyika. Mfalme aliyejua Kiswahili alikaa Bweranyange akamsimulia mgeni mambo ya kupaa mbinguni, na yakachapishwa London kwa Kiingereza, na kicheko cha mgeni kimechapishwa pamoja nayo. Kitabu cha Israel Katoke kuhusu ufalme wa Karagwe, cha mwaka 1975, nacho ni cha Kiingereza. Kazi kubwa ya M. M. Mulokozi juu ya tendi za Kihaya zinazoimbwa kwa zeze la enanga imetuonesha kuwa mashujaa tunao wa kutosha, kina Rukiza na Kachwenyanja. Na mfano wa kazi inayotakiwa upo jirani: Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Wachina nao hawakufanya muujiza. Walichukua mapishi ya Ge Hong na visa vya vijiweni, wakavipa kijana maskini wa kijijini, wakaandika sura moja kila siku.

Nilipomaliza kumsimulia, mpwa wangu alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo huyo mzee alikuwa ameshafika ngazi ya juu kabisa, halafu akashuka mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hiyo huku sijaikuta." Akaichukua simu. "Iko wapi, niisome?"

Nikamwambia iko kwenye kitabu cha Mzungu, kwa Kiingereza, kurasa chache tu.

Akaniangalia. "Si umesema mfalme alijua Kiswahili?"