Simu ya mteja yabadilisha kazi ya uhusiano mwema

MKAZI wa Mjambere, eneo la Kisauni, akikatikiwa na stima usiku hana haja ya kungoja mapambazuko ili avuke daraja la Nyali akapige foleni mjini. Hubonyeza *977# kupiga ripoti kwa Kenya Power. Asipoona fundi, huandika malalamiko yake katika mitandao ya kijamii, na hapo majirani huyasoma pengine kabla ya meneja.

Hali hii imewapokonya maafisa wa uhusiano mwema silaha yao kuu, yaani muda. Zamani afisa alikuwa na wanahabari wake wachache, akatayarisha taarifa kwa utulivu na kuituma alipoona inafaa. Leo kijana anayepokea simu za wateja ndiye msemaji wa shirika, japo mshahara wake haulingani na cheo hicho.

Feri za Mombasa zatoa mfano wa kuhuzunisha. Feri ya MV Mtongwe ilipozama Aprili 29, 1994 na kuua watu 272, wananchi walitegemea redio na magazeti kujua yaliyojiri. Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka MV Harambee likazama na mama na bintiye, abiria walinasa tukio hilo kwa simu zao. Picha zilienea nchini kote, na hadi gari lilipoopolewa Oktoba 11, kila kauli ya wakuu ilipimwa dhidi ya yale ambayo watu walikwisha kujionea. Msemaji anayejibu umma ulioshuhudia hawezi kupamba maneno. Hubaki kueleza ni nini kinachofanywa, na lini.

Kwa upande mwingine, huduma njema hujenga jina bila tangazo. Tangu M-Pesa ianzishwe na Safaricom Machi 2007, pesa kwenda kwa nambari isiyo sahihi ni jambo la kawaida. Aliyekosea huelekeza ujumbe wa muamala huo kwa 456 na kuomba pesa zirejeshwe. Zikiwa hazijatolewa, huenda akazipata, na habari hiyo huisimulia mwenyewe kibarazani.

Hata hivyo, si kila mtu anayeweza kubishana na mashine inayomtaka abonyeze moja, kisha mbili, kisha asubiri. Wazee wengi bado hutaka kuonana na mtu ana kwa ana, ndiyo maana vituo vya Huduma, vilivyoanza kufunguliwa 2013, vingali na foleni, Mombasa ikiwemo.

Kwa mashirika ya umma, kujibu si hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inaitaka afisi iliyoombwa habari kutoa uamuzi katika siku 21, au saa 48 iwapo uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili.