Kurudishwa Nyumbani na Kurudishwa Masomoni: Hadhi ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ikitazamwa kutoka Njombe na Makambako

Mji wa Makambako umekaa penye njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro na Iringa ifikapo hapo hugawanyika: mkono mmoja hushika njia ya Mbeya na mpaka wa Zambia, na mkono wa pili hupanda kusini mwendo wa kilomita 60 hivi hadi Njombe, kisha huendelea mpaka Songea. Mtu wa Njombe aliyekwenda pwani kutafuta kazi au elimu alipita hapo akienda, na alipita hapo akirudi. Kwa sababu hiyo njia panda hiyo yafaa sana kuwa mahali pa kusimama na kutazama jambo ambalo kwa desturi hutazamwa kutoka Dar es Salaam peke yake, yaani historia ya kanuni ziamuazo kama mwanafunzi wa chuo kikuu ataendelea na masomo, atasimamishwa, ataondolewa, au atapokewa tena.

Kanuni hizo zina ncha mbili. Ncha moja iko chuoni, ambako kikao hukaa na barua huandikwa. Ncha ya pili iko nyumbani, ambako barua hufika pamoja na mwenyewe aliyeandikiwa. Historia ya ncha ya kwanza imehifadhiwa katika majalada, na lugha yake ni Kiingereza. Historia ya ncha ya pili haikuandikwa sana, lakini imebaki katika maneno ya Kiswahili ambayo watu wameyatumia kueleza lililompata mwanafunzi. Maneno hayo yakichunguzwa yataonyesha upungufu ambao madhara yake yangalipo hata leo.

Watu wa Njombe walikwisha kuzoea habari ya kwenda na kurudi kabla chuo kikuu hakijakuwapo nchini. Wakati wa utawala wa Waingereza wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa wafanya kazi wengi wa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ikawachukua watu wa nyanda za juu kwa mikataba. Wafanya kazi hao waliitwa manamba, kwa ajili ya namba walizopewa, na siku zao za kazi zilihesabiwa katika kipande. Hali yao ilikuwa ngumu, lakini lugha ilikuwa na maneno ya kupambanua namna za kurudi. Kulikuwa na aliyemaliza mkataba, kulikuwa na aliyeachishwa, na kulikuwa na mtoro, ambaye sheria ya kazi ya zamani zile ilimhesabu kuwa mkosaji. Mtu akishuka garini na sanduku lake, neno moja lilitosha kueleza amerudi kwa namna gani. Mwanafunzi wa chuo kikuu hakuwekewa msamiati wa namna hiyo.

Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU lililokuwa mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Hapo mwanzo kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, na kanuni za mitihani zilifuata desturi za huko. Kwa desturi hizo hadhi ya mwanafunzi ilikuwa jambo baina yake na walimu wake. Akishindwa mtihani, walimu waliamua. Akivunja utaratibu wa chuo, wakuu wa chuo waliamua. Wazazi hawakutajwa, wala kijiji hakikutajwa.

Lakini kisa kikubwa cha kwanza cha wanafunzi kuondolewa chuoni hapo hakikufuata njia hiyo. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu na wa kidato cha sita sharti walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka 2, na kwamba katika sehemu ya muda huo, wakiwa katika kazi zao, wapokee asilimia 40 tu ya mishahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti hayo. Rais Julius Nyerere aliwapokea, akasikiliza tamko lao, kisha akawajibu kwa ukali. Alitangaza kwamba mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20, na akaamuru wanafunzi hao warudishwe makwao. Jumla yao ilikuwa 393.

Yafaa ikumbukwe kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, amri ya siku ile ilikuwa amri ya mkuu wa nchi. Haikutokana na baraza la mitihani, wala hapakuwa na alama za mtu zilizohesabiwa. Mwanafunzi hodari na mwanafunzi dhaifu waliondoka pamoja. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Sitta, ambaye baadaye alirudi akamaliza masomo yake ya sheria, na miaka mingi baadaye akawa Spika wa Bunge.

Yeyote miongoni mwa hao 393 aliyekuwa na kwao Njombe hakuwa na njia ya kawaida ila ile ya Makambako. Reli ya kwenda Zambia ilikuwa haijajengwa, na Njombe yenyewe wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Safari ilikuwa ya barabara, zaidi ya kilomita 600 hadi njia panda, kisha vilima vya kusini. Huko nyumbani, karibu na mji, palikuwa na mashamba ya miwati ya kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949, na kila upande palikuwa na mahindi ya wakulima. Mwanafunzi aliyerudishwa alirudishwa shambani.

Neno hilo la shamba lastahili kutazamwa kwa makini. Vyuo vya kale vya Uingereza vilikuwa na adhabu ya kumwondoa mwanafunzi kwa muda, na jina la adhabu hiyo hutokana na neno la Kilatini rus, maana yake shamba au nchi ya nje ya mji. Kwa watu waliolitunga, kupelekwa shamba kulikuwa kutengwa na ustaarabu. Adhabu ya Oktoba 1966 iliandikwa katika magazeti ya Kiingereza kwa jina hilo hilo. Lakini tarehe 5 Februari 1967, hata miezi 4 haijatimia, Azimio la Arusha lilitangazwa, nalo lilisema wazi kwamba msingi wa maendeleo ya nchi ni watu na ardhi, na kwamba wakulima wa vijijini ndio wanaobeba mzigo wa taifa. Basi mahali palepale ambapo lugha ya chuo ilipahesabu kuwa pa adhabu, siasa ya nchi ilipahesabu kuwa pa heshima. Mtu wa Njombe aliyempokea kijana wake angeweza kuuliza kwa haki: kama huku ndiko nguvu ya nchi iliko, mbona kijana ameletwa huku kwa kosa?

Kiswahili kililikwepa tatizo hilo kwa kusema wanafunzi wamefukuzwa, au wamerudishwa nyumbani. Maneno hayo mawili yalitumika kama kwamba ni neno moja, lakini si moja. Kufukuzwa humtazama mtu kwa upande wa mahali anapotoka, wala hakuna ahadi ndani yake. Kurudishwa humtazama kwa upande wa mahali aendapo, na kitenzi kicho hicho chaweza kugeuzwa tena, kwani aliyerudishwa nyumbani aweza kurudishwa masomoni. Matukio yaliunga mkono neno la pili, maana katika mwaka 1967 wengi wa wanafunzi wale waliruhusiwa kurejea. Kwa hiyo hawakuwa wamefukuzwa kwa maana kamili ya neno. Walikuwa wamesimamishwa kwa muda usiotajwa. Walioishi muda huo nyumbani hawakuwa na neno la kuwaambia jirani zao kwamba wao si wanafunzi, wala si watu walioacha kuwa wanafunzi.

Miaka iliyofuata iliifanya ncha ya nyumbani kuwa na nguvu zaidi. Kwa Azimio la Musoma la mwezi wa Novemba 1974, vijana wengi hawakuweza tena kutoka kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Ilibidi kwanza wafanye kazi, na wapate mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama. Kwa hiyo hadhi ya mwanafunzi ilianza kupimwa na watu wasiokuwa walimu wake. Mwezi wa Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za maslahi ya viongozi, na mamia yao wakaondolewa. Wakati huo reli ya TAZARA ilikwisha kukabidhiwa, tangu mwaka 1976, na Makambako palikuwa na stesheni. Aliyerudishwa Njombe aliweza kushukia hapo. Kisha mwezi wa Mei 1990 Serikali ilikifunga Chuo Kikuu chote, kikafunguliwa tena mwaka 1991. Katika kisa hiki wote walirudi makwao, mwenye kosa na asiye na kosa.

Kwa mzazi aliyesimama kando ya barabara, visa hivyo vilikuwa na sura moja: kijana ameonekana nyumbani wakati wa masomo. Hapana shaka mazoea hayo ndiyo yaliyoliimarisha neno kufukuzwa hata likameza mengine yote. Na hapa ndipo penye hatari, kwa maana katika siku hizi wanafunzi walio wengi wakikatiziwa masomo hawakatiziwi kwa maandamano. Hukatiziwa kwa alama.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania wastani wa alama za shahada ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa mpaka 5.0, na daraja la chini kabisa la kufaulu huanzia 2.0. Kati ya kufaulu na kuondolewa kuna ngazi kadhaa. Yuko mwanafunzi anayepewa mtihani wa marudio. Yuko anayeruhusiwa kuvuka mwaka huku akiwa na deni la somo. Yuko anayerudia mwaka. Yuko aliyeahirisha masomo kwa ugonjwa au kwa shida nyingine iliyokubaliwa. Yuko aliyesimamishwa kwa ajili ya nidhamu hadi shauri lake liamuliwe. Yuko aliyekatishwa masomo kwa kutofikia kiwango. Na yuko aliyefukuzwa. Ngazi hizo si sawa. Wa kwanza hadi wa nne wangali wanafunzi. Wa tano ni mwanafunzi anayengojea. Wa sita amepoteza nafasi yake, lakini kwa kawaida aweza kukata rufani, na aweza baadaye kuomba kudahiliwa upya mahali hapo au pengine. Ni wa mwisho tu ambaye neno la kufukuzwa ni lake kwa haki.

Kwa mfano wa ugumu wa kazi ya kutafuta maneno, litazamwe neno la hali ile ya mwanafunzi anayeruhusiwa kuendelea kwa sharti la kupandisha alama zake katika muda uliowekwa. Desturi hiyo ina nguvu sana katika vyuo vya Marekani, ambako kwa kawaida mwanafunzi akishuka chini ya 2.0 katika kipimo cha 4.0 huonywa hivyo kwanza kabla ya kusimamishwa. Nchini Tanzania mahali pake pamechukuliwa kwa sehemu kubwa na mtihani wa marudio na kurudia mwaka, lakini jambo lenyewe hujulikana. Kiswahili kina maneno matatu yawezayo kulibeba. La kwanza ni probesheni, ambalo limekwisha kushikwa na mahakama, na mzazi akilisikia atadhani mtoto amehukumiwa. La pili ni uangalizi, neno zuri lakini pana mno, kwa kuwa hata mgonjwa huwekwa chini ya uangalizi. La tatu ni matazamio, litumiwalo katika utumishi kwa mwajiriwa mpya asiyethibitishwa bado. Hili ndilo bora, kwa kuwa mna tumaini ndani yake: huyu anatazamiwa. Hata mtu asiyepata kuingia chuoni hulielewa kutokana na ajira ya mwalimu au karani wa kijijini kwake.

Wanafunzi wenyewe hawakungoja wataalamu. Walikata neno la Kiingereza la kukatishwa masomo, wakapata disko, na kitenzi chake kudisko. Na mtihani wa marudio wakauita sapu. Maneno hayo yamejengwa kwa kufuata sauti za lugha, nayo yana faida ya kupunguza uchungu, kwa kuwa disko ni ngoma, na aliyeanguka huweza kuchekwa kidogo na wenzake kisha akaendelea kuishi nao. Lakini hayafiki nyumbani. Mzee wa Makambako akiambiwa kwamba mjukuu wake amedisko, atabaki na ngoma tu mkononi.

Basi kijana huyo akifika njia panda atachagua nini cha kusema? Neno litakalotoka kinywani mwake laweza kuwa kufukuzwa, kwa kuwa ndilo linaloeleweka. Na likisha semwa, mambo mengine hufuata. Ukoo ulioamini kwamba mlango umefungwa hautatafuta nauli ya kumrudisha kufuata rufani, ambayo kwa kawaida huwekewa siku zake. Siku hupita, na barua ambayo ingaliweza kujibiwa hubaki sandukuni. Ikiwa alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, deni hubaki palepale, ijapokuwa shahada haikupatikana. Hivyo mtu aliyekuwa katika ngazi ya sita hushushwa mpaka ya saba kwa ufupi wa msamiati.

Historia ya mwaka 1966 yatoa funzo katika jambo hili. Wale 393 waliitwa waliofukuzwa, nao wengi walirudi. Neno lilikuwa kali kuliko tendo, na bahati njema tendo lilishinda, kwa sababu habari zao zilikuwa habari za nchi nzima na amri ya kuwarudisha ilijulikana kwa wote. Anayekatishwa masomo leo kwa upungufu wa alama hana mwenziwe safarini, wala jina lake halitajwi. Kwake neno lisilo sahihi laweza kulishinda tendo.

Kwa hiyo haitoshi kwamba kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza na kutiwa sahihi na mwanafunzi siku ya kuandikishwa. Yapasa barua ya kumjulisha hali yake iwe na upande wa Kiswahili, na kila ngazi iwe na jina lake lisiloazimwa kutoka ngazi nyingine: marudio, deni la somo, kurudia mwaka, kuahirisha, matazamio, kusimamishwa, kukatishwa masomo, kufukuzwa, na kudahiliwa upya. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo geni katika lugha. Lililopungua ni kuyapanga, kuyapa mipaka, na kuyapeleka hadi huko ambako mwanafunzi atashukia.