Chai ya Itumbe na mkataba wa Uingereza baada ya Brexit

Itumbe iko kaunti ya Kisii, mbali na bahari, lakini chai yake huishia Mombasa. Kiwanda cha Itumbe ni miongoni mwa viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA. Majani husagwa na kukaushwa huko huko, hutiwa kwenye magunia ya karatasi, kisha huteremshwa kwa lori hadi maghala ya Mombasa kungoja mnada. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa 1969. Bei hutajwa kwa dola.

Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, ila iliendelea kufuata kanuni za forodha za Umoja huo hadi mwisho wa Desemba. Hapo Kenya ikabanwa. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zinahesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, kwa hiyo bidhaa zao zingeingia Uingereza bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kenya, yenye kuhesabiwa nchi ya kipato cha kati, haikuwa na kinga hiyo.

Basi tarehe 8 Desemba 2020, zikiwa zimebaki wiki tatu tu, Waziri Betty Maina alitia saini mkataba jijini London pamoja na Ranil Jayawardena wa Uingereza. Bunge la Kenya liliuidhinisha Machi 2021. Majirani walinung'unika, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ina forodha moja na ilitakiwa kujadiliana kwa sauti moja. Lakini sauti hiyo ilikuwa imeshapasuka tangu 2016, Kenya na Rwanda ziliposaini mkataba na Umoja wa Ulaya na Tanzania ikakataa. Kenya ilikuja kusaini wake na Ulaya peke yake Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024.

Wanasiasa husema mkataba wa London uliwaokoa wakulima. Wakulima gani? Wa maua, ndiyo: ushuru wa kawaida wa Uingereza kwa maua ya kukatwa wakati huo ulikuwa asilimia 8, na mishiri nayo ingetozwa. Chai nyeusi ni habari nyingine. Uingereza haiitozi ushuru hata ikitoka nchi isiyo na mkataba nayo. Gunia la Itumbe lingepita bila senti ya forodha, saini iwepo isiwepo.

Kinachomuumiza mkulima wa Itumbe kiko karibu zaidi. Yeye hulipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa kilo ya majani mabichi, kisha husubiri bonasi, ambayo kwa Kisii na Nyamira kwa kawaida huwa chini kuliko ya Murang'a au Kirinyaga. Bonasi hiyo hutegemea bei ya mnadani, na huko mnunuzi mkubwa ni Pakistan, si Uingereza. Julai 2021 serikali iliweka bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo. Wanunuzi wakasusa baadhi ya chai, na magunia yakarundikana maghalani Mombasa. Bei hiyo ikaja kuondolewa.

Kwa Uingereza, faida ingekuwa kuuza chai iliyokwisha kupakiwa. Mkataba hauzuii hilo. Hata hivyo sehemu kubwa bado huondoka Kilindini ikiwa katika magunia, ikachanganywa huko na chai za nchi nyingine, na pakiti ikabeba jina la mpakiaji.